Somo la Vijana: Moto wa Kambi, Jinsi ya Kuukoka, Kuuota na Kuuzima



Likizo ya mwezi wa Juni ikifika, vijana wengi wa Ngara na Biharamulo hutoka majumbani mwao wakaenda kupiga kambi pamoja na walimu wao. Wengine huenda kandokando ya mto Ruvubu, wengine katika vilima vya Rulenge na Murusagamba, wengine upande wa Nyakahura na Lusahunga penye miombo. Kabla ya safari walimu huandika orodha ya vitu: mahema, sufuria, unga, maharage, chumvi, taa. Lakini jambo moja haliandikwi, kwa maana kila mtu hudhani ya kuwa alikwisha kulijua tangu utoto wake. Jambo hilo ni moto.

Ni kweli, hapana mtoto wa kwetu asiyejua kuwasha moto. Lakini moto wa jikoni una kuta zake na mafiga yake, tena yuko mama anayeuangalia. Moto wa kambi hauna ukuta, umezungukwa na majani makavu, na upepo huujia kutoka pande zote. Kwa hiyo yafaa tujifunze upya.

Neno kubwa la somo hili ni moja, nalo ni rahisi kulishika: moto mwema wa kambi ni moto mdogo. Tutaona sababu zake, kisha tutaona namna ya kuchagua mahali, kukusanya kuni, kuukoka moto, kuuota, na mwisho kuuzima.

1. Kwa nini uwe mdogo?

Hapo kale kupata moto kulikuwa kazi. Mtu alichukua ulindi, yaani kijiti kigumu, akaupekecha kwa viganja juu ya wimbombo, yaani mti laini, hata ukatoka moshi na unga mweusi wenye cheche. Aliyekuwa na jirani mwema alikwenda kuomba kaa au kinga cha moto, akarudi nacho mbio kabla hakijazimika. Kwa sababu ya taabu hiyo moto uliheshimiwa. Siku hizi kiberiti hununuliwa kwa fedha kidogo, na kitu kinachopatikana bila taabu ni rahisi kukitumia bila akili.

Watu wazima wa Ngara hawana haja ya kuambiwa thamani ya kuni. Tarehe 28 Aprili 1994 watu wa Rwanda waliokimbia vita na mauaji walianza kuvuka daraja la Rusumo, na kwa muda wa kama saa ishirini na nne walivuka watu wapatao 250,000. Kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa katika siku chache. Kila jamaa ilitaka moto wa kupikia, na kila moto ulitaka kuni. Miti ya karibu ikaisha kwanza. Kisha wanawake na watoto wakaenda mbali, na baadaye mbali zaidi. Mashirika yaliyowahudumia yaliwafundisha kujenga majiko ya udongo yanayotumia kuni chache. Wengi wa wageni wale walirudi kwao Desemba 1996, lakini mti hauoti kwa haraka kama unavyokatwa.

Hatusemi haya ili kuwalaumu. Mtu mwenye mtoto anayelia kwa njaa hana budi kutafuta kuni popote. Lakini sisi tunaokwenda kambini twaenda kujifunza na kufurahi, tena baada ya siku tatu twarudi kwetu kwenye nyumba na vyakula. Wale walikata kwa dhiki. Sisi tukikata miti ili tuone mwali mrefu usiku mmoja, udhuru wetu ni nini?

Sababu ya pili ni kiangazi. Miezi ya Juni, Julai na Agosti majani ya vilima vyetu yamekuwa kama karatasi, na kila mwaka moto hupita katika miombo na malisho. Mioto mingi ya namna hiyo huanzishwa na watu: mwenye kusafisha shamba, mrina asali aliyetupa mwenge wake, mchunga, mwindaji, mvuta sigara, au wapiga kambi waliolala moto ukiwaka. Mizinga huungua, miche huungua, na mifugo hukosa majani. Cheche za moto mdogo haziendi mbali. Cheche za moto mkubwa hupanda juu na kuanguka mtu asikoweza kuziona.

Sababu ya tatu utaijua mwenyewe ukikaa. Moto mkubwa huwafukuza watu. Kila mtu hurudi nyuma kwa ajili ya joto, nyuso zinaungua na migongo ina baridi, na anayesema hana budi kupaza sauti. Moto mdogo huwavuta watu wakakaribiana, hata mwenye sauti ndogo akasikiwa.

2. Mahali

Kwanza pata ruhusa. Penye ardhi ya kijiji, mwalimu na aende kwa serikali ya kijiji kabla ya siku ya safari, aseme watakuwa wangapi na watalala wapi. Penye msitu wa hifadhi au hifadhi ya wanyama, sheria ni kali zaidi. Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato ilifanywa mwaka 2019 kwa kuyaunganisha mapori ya akiba ya Burigi, Biharamulo na Kimisi. Ina kilometa za mraba 4,707, na sehemu zake zimo katika wilaya zetu. Humo hapana kupiga kambi wala kuokota kuni bila ruhusa ya askari wa hifadhi, na moto huwashwa mahali walipopaonyesha. Tena Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imeweka masharti juu ya kuchoma majani na miti nje ya eneo la nyumba. Asiseme mtu kwamba hakuijua.

Mkiisha kupata ruhusa, tazameni ardhi. Mahali pazuri ni penye udongo mtupu, au pale palipowashwa moto zamani. Afadhali kovu moja kuliko makovu mawili. Msikoke moto chini ya matawi, wala juu ya mizizi, wala karibu na kisiki kikavu, kwa sababu moto waweza kuingia katika mzizi, ukatambaa chini ya ardhi bila kuonekana, ukatokea mahali pengine kesho yake. Katika mabonde ya mafunjo mjihadhari zaidi: udongo mweusi wa kinamasi kilichokauka ni mabaki ya majani, nao wenyewe huungua.

Fyekeni na kufagia duara, hatua mbili au tatu kutoka katikati kila upande, mpaka udongo uonekane. Katikati chimbeni shimo dogo la kina cha shubiri moja, na udongo wake mwuweke kando, maana mtauhitaji. Mkitaka mawe ya kuzungushia, yachukueni mahali pakavu. Mawe ya mtoni yana maji ndani yake. Yakipata moto maji yale hugeuka mvuke, na jiwe hupasuka kwa kishindo na kurusha vipande.

Mahema yawe mbali na moto, hatua kumi au zaidi, upande ule upepo unakotoka. Tena kabla kiberiti hakijatoka mfukoni, debe la maji liwe tayari karibu na moto, pamoja na jembe. Kama hamna maji, hamna moto. Sheria hii isivunjwe kwa ajili ya mtu yeyote.

3. Kuni

Okoteni kuni zilizokwisha kuanguka. Msikate mti ulio hai. Kumwacha mti mzima ni huruma kwa nchi, na tena ni faida kwenu, kwa sababu mti mbichi waweza kuwa na maji yapatayo nusu ya uzito wake. Moto hutumia nguvu zake kuyachemsha maji yale, nanyi mwapata moshi na machozi. Kuni kavu hujulikana kwa sauti: ukiivunja hulia "ta!" Ile inayopindika bila kuvunjika, iache.

Kusanyeni namna tatu, kila namna na fungu lake. Ya kwanza ni vichocheo: nyasi kavu, maganda makavu ya migomba, vibanzi vyembamba. Ya pili ni vijiti, kuanzia unene wa njiti ya kiberiti hata unene wa kidole. Ya tatu ni kuni zenyewe, zisizopita unene wa kifundo cha mkono. Magogo hayafai: hayaishi kuungua usiku, na asubuhi yamebaki yakifuka moshi.

Jihadharini na miti yenye sumu. Mnyaa, ule tunaoupanda kuwa ua, una utomvu mweupe unaodhuru macho vibaya. Msiutie motoni, wala msitumie kijiti chake kuchomea nyama. Jihadharini pia na vilivyomo ndani ya kuni. Wasomaji wa Matendo ya Mitume wanakumbuka yaliyompata Paulo katika kisiwa cha Malta: aliokota mzigo wa kuni, na nyoka akatoka kwa ajili ya joto, akamzonga mkono. Nyoka na nge wa kwetu hawana desturi nyingine. Geuza kuni kwa fimbo au kwa mguu uliovaa kiatu kabla ya kuinama kuishika, na usiokote kuni gizani.

4. Kukoka moto

Moto hula vitu vitatu: kuni, hewa na joto. Ukikosa kimoja, hufa. Wazee wetu husema, "Figa moja haliinjiki chungu." Ndivyo ilivyo hapa pia: anayejaza kuni bila kuacha nafasi ya hewa ameweka mafiga mawili tu.

Fanya hivi. Weka katikati ya shimo konzi moja ya nyasi kavu, usiishindilie. Juu yake simamisha vijiti vyembamba, vikiegemeana kama paa la msonge, ukiacha mlango upande wa upepo. Uwe na vijiti vingine mkononi. Washa chini, mlangoni, si juu, maana moto hupanda. Vijiti vikishika, ongeza vya unene wa kidole kimoja kimoja, kisha kuni mbili au tatu. Msipulizie kwa pupa. Pulizeni taratibu, karibu na ardhi, penye makaa.

Yafaa vijana wajue pia moshi ni nini. Kuni zikipata joto hutoa mvuke, na mvuke huo ndio unaoshika moto tukauona mwali. Mvuke usiopata joto la kutosha hupaa bila kuungua, nao ndio sehemu kubwa ya moshi. Basi moto wenye moshi mwingi ni moto unaopoteza chakula chake. Ukiona hivyo usiongeze kuni. Zipange vizuri, uipe hewa njia.

Mafuta ya taa na petroli yasimwagwe motoni kamwe. Mvuke wake hushika moto kabla ya mafuta yenyewe kufika chini, na mwali hurudi mpaka kwenye chombo kilicho mkononi mwa mtu.

Kwa kupikia ngojeni makaa. Mwali huunguza sufuria kwa nje na kuliacha haragwe gumu. Makaa hutoa joto lililotulia. Maharage yaliyolowekwa tangu asubuhi na sufuria yenye kifuniko hupunguza kuni sana. Viazi vitamu na ndizi vifukieni katika majivu ya moto kandoni, mvigeuze, na kwa subira kidogo vimeiva bila chombo chochote.

5. Kuuota moto

Kazi ikiisha na chakula kikiliwa, ndipo watu huota moto. Desturi hii si ya kigeni kwetu. Wasukuma, ambao wengi wamehamia Biharamulo pamoja na ng'ombe zao, wana shikome, yaani moto wa jioni uani, wazee walipowafundisha vijana mambo ya ukoo, ya kazi na ya adabu. Majirani zetu wa Burundi na Rwanda wana igicaniro, moto unaowashwa ng'ombe wanaporudi jioni. Hata katika nchi za mbali watu waliona faida hiyo hiyo. Mwaka 1907 Baden-Powell alipokusanya wavulana kama ishirini katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, kwa kambi iliyozaa chama cha skauti, kila jioni aliwakalisha penye moto akawasimulia habari, na waliyoyasikia usiku waliyafanya mchana. Mzee huyo alimaliza siku zake katika Afrika ya Mashariki. Alifariki mwaka 1941 akazikwa Nyeri, Kenya.

Basi fuateni utaratibu huu. Mchagueni kijana mmoja awe mlinzi wa moto. Yeye peke yake ndiye anayetia kuni. Watoto wote wakiruhusiwa kuchochea, moto huwa mchezo, na mchezo huwa msiba. Kaeni duara, mkiacha wazi upande unaokwenda moshi. Anzeni na nyimbo na vitendawili wakati mwali ungali juu. Mwali ukipungua, leteni hadithi. Makaa yakibaki mekundu, ndio wakati wa mzee kusema neno, au wa kijana kuuliza swali ambalo mchana aliona haya kuliuliza. Walimu wengi wanajua jambo hili: kijana haoni vigumu kusema akitazama makaa, kwa kuwa hatazamwi machoni. Mwalimu, usiharakishe kujibu. Wape wengine nafasi, na penye kimya uache kimya.

Tena usiku wa kiangazi mbingu zetu ni safi, na ile njia nyeupe ya nyota huonekana vizuri. Macho yaliyozoea mwali mkubwa hayaoni kitu. Moto ukiwa mdogo mnaweza kugeuka tu mkazihesabu nyota.

6. Hatari

Usiingize jiko la makaa ndani ya hema, hata usiku uwe na baridi namna gani. Makaa hutoa hewa ya sumu, iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Mtu aliyelala huivuta asijue, asiamke tena. Afadhali blanketi la pili, au kulala wengi pamoja.

Nguo ya mtu ikishika moto asikimbie, kwa maana mbio huongeza hewa. Na alale chini ajibingirishe, na wenzake wamfunike kwa blanketi zito. Aliyeungua, mmwagie mahali pale maji safi yasiyo ya moto, mfululizo, kwa dakika ishirini. Msimpake mafuta, wala dawa ya meno, wala udongo, wala yai. Kisha funikeni kidonda kwa kitambaa safi mkampeleke zahanati.

7. Kuuzima

Hapa ndipo kambi nyingi hushindwa, maana watu wamechoka na usingizi umewashika. Kwa hiyo kazi hii isiachiwe mtu aliyesinzia. Mwalimu na mlinzi wa moto waifanye pamoja, wa mwisho kulala. Acheni kutia kuni mapema, kama saa moja kabla, ili zilizomo ziishe.

Mwageni maji pole pole mpaka sauti ya kuchemka ikome. Chukueni jembe au kijiti mkoroge majivu na makaa, mkigeuza kila kipande. Mwageni tena, mkoroge tena. Kisha weka mgongo wa mkono karibu na majivu. Ukihisi joto, ushuke taratibu. Yakiwa baridi kama udongo wa kando yake, moto umekufa. Yakiwa na joto, rudieni. Kufukia kwa udongo mkavu peke yake hakutoshi: makaa hulala chini ya udongo hata asubuhi, na upepo wa mchana huyaamsha ninyi mkiwa mmekwisha kwenda zenu.

Siku ya kuondoka, hakikisheni tena majivu ni baridi, yatawanyeni, rudisheni udongo wa shimo, na mawe myarudishe yalikotoka. Mizoga ya kuni isiyoungua itawanyeni porini. Chupa, mifuko ya plastiki na makopo rudini navyo. Havikuwa kuni, na moshi wa plastiki ni sumu. Mtu akipita kesho yake asitambue kwa urahisi palipokuwa na moto wenu. Mwenye kijiji aliyewapa ruhusa atawapa tena mwaka ujao, na kundi jingine litakalowafuata litakuta kuni.

Maswali ya kujibu pamoja

1. Tofauti gani iko kati ya kuni walizokata wakimbizi wa mwaka 1994 na kuni tunazokusanya sisi kambini?
2. Taja vitu vitatu ambavyo moto hula. Moto wenye moshi mwingi umekosa nini?
3. Kwa nini mawe ya mtoni hayafai? Kwa nini mzizi na kisiki ni hatari?
4. Katika kijiji chenu, ni nani wa kuombwa ruhusa ya kupiga kambi? Nendeni mkamwulize masharti yake.
5. Waulizeni wazee wenu: moto wa jioni uliitwaje nyumbani kwao, nani alikaa wapi, na mambo gani yalifundishwa hapo? Yaandikeni, mkayasome kambini makaa yakiwa mekundu.